Kabla ya Kutukana Laptopu Yako, Sikiza Hii Historia

Ijumaa moja mwaka jana, saa saba usiku, nilikuwa nimekaa kitandani na laptopu mapajani, feni yake ikilia kama mashine ya kusaga unga. Nilikuwa namalizia video ya dakika kumi na mbili ya kumuaga shosho ya rafiki yangu. Ibada ilikuwa saa nne asubuhi, Jumamosi. Nikabonyeza kitufe cha kutoa video nzima, nikaanza kuangalia asilimia zikipanda. Kumi. Thelathini. Hamsini. Ikafika 64, programu ikafifia ikawa nyeupe, halafu ikajifunga. Hakuna hata pole.

Nikaifungua tena. Ikafika 64, ikajifunga. Mara ya tatu, hivyo hivyo.

Nikaandika kwa grupu ya WhatsApp ya sisi watu wa kuediti, nikieleza shida. Jibu la kwanza likaja mbio: "Buda, hiyo mashine ni ya kuandikia barua. Nunua kitu ya maana." Wa pili akaweka emoji ya kucheka. Wa tatu akaniuliza RAM ni ngapi, nikamwambia 8GB, akanyamaza kama daktari aliyeona matokeo mabaya.

Wasee, hilo jibu ndilo limenifanya niandike hii. Si uongo kabisa, mashine yenye nguvu inasaidia, na mimi sitajifanya sijui. Laptopu yangu ni ya ex-UK, nilinunua Luthuli Avenue baada ya miezi saba ya kujinyima. Lakini "nunua ingine" ni jibu la uvivu, na ukiangalia historia ya hii kazi ya kuediti utaona halina msingi. Hakujawahi kuwa na wakati ambapo wahariri walikuwa na mashine ya kutosha. Hata Hollywood. Hata wale wa studio zenye pesa. Kila kitu tunachotumia leo kuponya programu inayoganda kiligunduliwa na watu ambao mashine zao zilikuwa zimewashinda.

Watu wa mkasi

Tuanzie kabla ya kompyuta. Filamu ilikuwa ukanda halisi, kitu unashika kwa mkono. Ukanda uliotoka kwa kamera, ile negativu, ndio ulikuwa mali yote. Ukiukwaruza, umeukwaruza milele. Kwa hivyo maabara ilikuwa inatengeneza nakala, na mhariri alifanya kazi na hiyo nakala peke yake. Alikata kwa hiyo nakala, akachora alama juu yake kwa penseli ya nta, akaunganisha vipande, akavibandua tena, akapitisha kwenye mashine kama Moviola, ambayo ilianza kutumika miaka ya 1920. Nakala ilikuwa inachakaa. Ilijaa vumbi, alama za vidole na viungo vya kila mahali. Hakuna aliyejali. Kazi ikikamilika, ndipo mtu mwingine mwenye glavu mkononi alichukua negativu na kuikata ifuate ile nakala, fremu kwa fremu.

Hiyo tabia iweke akilini, tutairudia: asili inakaa salama, unapigana na nakala.

Halafu video ikaja ikaharibu raha. Mwezi wa Aprili 1956, kampuni ya Ampex ilionyesha kule Chicago mashine ya kurekodi televisheni kwa kanda ya sumaku yenye upana wa inchi mbili. Novemba ya mwaka huo huo CBS wakaitumia kurusha taarifa ya habari kwa upande wa magharibi wa Marekani, ili watu wa kule waitazame kwa saa zao. Mapinduzi makubwa. Lakini kwa mhariri ilikuwa msoto, kwa sababu kanda ya sumaku huwezi kuona picha ukiiinua kwenye mwanga. Ni kahawia tupu. Ili wakate, walikuwa wanapaka kanda dawa yenye chembechembe za chuma ndipo mistari ya sumaku ionekane, wanaiangalia kwa darubini, halafu wanakata kwa wembe. Ukikosea kidogo, picha inaruka hewani, nchi nzima ikiona.

Baadaye wakaacha wembe, wakaanza kunakili kutoka kanda moja hadi nyingine. Unacheza kanda ya kwanza, unarekodi kipande kwa kanda ya pili, unaongeza kipande kingine, hivyo hadi mwisho. Inafanya kazi vizuri mpaka mteja akuambie, "Ile sehemu ya dakika ya tatu, punguza sekunde tano." Hapo sasa kila kitu baada ya dakika ya tatu kinarudiwa, ama unanakili ile nakala na picha inazidi kufifia kila mara. Ukilalamika leo kwamba laptopu yako inachukua sekunde nne kusogeza klipu moja, kumbuka kuna watu kusogeza klipu moja kuliwagharimu mchana mzima.

Kompyuta ya kwanza ilikuwa tayari imelemewa

Sasa hii sehemu ndiyo ilinishangaza nilipoanza kuisoma. Mwaka wa 1971, CBS na kampuni ya Memorex walitoa mashine iliyoitwa CMX 600. Wengi wanaihesabu kama mfumo wa kwanza wa kuediti kwa kompyuta ambapo unaweza kuruka popote kwenye video bila kuzungusha kanda. Mhariri alikaa mbele ya skrini mbili akachagua mahali pa kukata kwa kalamu ya mwanga. Video ilihifadhiwa kwa diski zilizowekwa kwenye makabati makubwa kama mashine za kufulia nguo, na kila diski ilibeba video ya dakika chache tu. Bei ilikuwa karibu dola 250,000, pesa za wakati huo.

Na picha yenyewe? Nyeusi na nyeupe, tena ya ubora wa chini. Kwa mashine ya dola robo milioni!

Sababu ni kwamba diski za wakati huo hazingeweza kubeba picha kamili. Kwa hivyo wale mainjinia wakafanya kile watu wa filamu walikuwa wakifanya na mkasi: wakatengeneza nakala nyepesi, mhariri akafanya maamuzi yake kwa hiyo nakala mbaya, na mwisho wa kazi mfumo ukatoa orodha ya maamuzi, kwamba kipande hiki kinaanzia hapa na kuishia pale. Orodha hiyo ikatumika kuunganisha kanda zenyewe za ubora wa juu.

Leo tunaita hizo nakala nyepesi proksi. Programu nyingi zina kitufe chake. Na bado kuna wasee wanaona aibu kuzitumia, ati proksi ni za watu wenye mashine dhaifu. Kwa taarifa yako, proksi zilikuwepo siku ya kwanza ya kuediti kwa kompyuta, kwa mashine ghali kuliko nyumba.

Miaka ya themanini iliendelea hivyo hivyo. Mwaka wa 1984 kampuni ya Lucasfilm, ya George Lucas wa Star Wars, ilionyesha EditDroid, iliyotumia diski za leza. Kulikuwa na nyingine iliyoitwa Montage, ambayo ilijaza chumba kwa mashine nyingi za Betamax, kila moja ikiwa na nakala ya kanda ileile, ili wakati moja inacheza nyingine ziwe zinajitafutia mahali pa klipu inayofuata. Yaani walikosa kasi, wakanunua wingi. Ni kama kutuma watoto sita dukani kila mmoja na kitu chake kwa sababu hakuna anayekimbia vya kutosha.

Mwaka wa 1987 Bill Warner akaanzisha kampuni ya Avid kule Massachusetts, na 1989 mfumo wao wa Media Composer ukaanza kuuzwa, ukitumia kompyuta ya Macintosh. Picha yake ya mwanzo ilikuwa imebanwa hadi ikajaa mraba mraba. Wahariri wakaitumia hivyo hivyo, kwa sababu uhuru wa kujaribu na kurudi nyuma ulikuwa na thamani kuliko picha safi. Miaka saba tu baadaye, 1996, Walter Murch alihariri The English Patient, akianzia kwa filamu na kuhamia Avid katikati ya kazi, na akashinda Oscar ya uhariri.

Halafu Desemba 1991 Adobe wakatoa Premiere ya kwanza, iliyoandikwa na jamaa anaitwa Randy Ubillos. Video za kompyuta za nyumbani wakati huo zilikuwa za pikseli 160 kwa 120. Ukubwa wa stempu ya posta. Piga hesabu: hiyo ni pikseli 19,200 kwa fremu. Video ya 4K inayotoka kwa simu yako leo ina pikseli 8,294,400. Mara 432. Tunalalamika kwamba kompyuta hazikui, kumbe zimekua sana. Sisi ndio tunaziongezea mzigo kila zikikua.

Ukuta wa 4GB

Kufikia hapa nimeongea sana kuhusu polepole. Sasa tuongee kuhusu kuzima ghafla, kwa sababu hayo ni magonjwa mawili tofauti, na watu wengi wanayatibu kwa dawa moja.

Programu ikiwa polepole, maana yake kazi inafika lakini foleni ni ndefu. Programu ikizima, mara nyingi kuna kitu imeomba ikakosa, au kuna kitu imekutana nacho ikashindwa kukielewa. Na kitu ambacho programu za video huomba kuliko vyote ni kumbukumbu, yaani RAM.

Kwa miaka mingi programu hizi zilikuwa za biti 32. Programu ya biti 32 inaweza kuhesabu anwani 4,294,967,296 za kumbukumbu, yaani 4GB, basi. Hata kama kompyuta yako ina 16GB, programu haikuweza kuona zaidi ya hapo. Kwa video ya stempu hakukuwa na shida. Video za HD zilipozoeleka, wahariri duniani kote wakaanza kugonga huo ukuta: mradi unakua, klipu zinaongezeka, programu inazima. Wenye kompyuta za bei ya gari walikuwa wanazimiwa sawa na wenye za mkopo. Ukuta ulivunjwa kwa kuandika programu upya: Premiere Pro ikahamia biti 64 mwaka wa 2010, Final Cut Pro ikafuata 2011.

Mwaka huo wa 2010 Premiere pia ilianza kugawia kadi ya picha sehemu kubwa ya kazi. Kasi ikapanda. Lakini ukigawana kazi na mtu, makosa yake pia yanakuwa yako. Ndiyo maana leo moja ya mambo ya kwanza unaambiwa programu ikizima ni kusasisha draiva ya kadi ya picha, au kuzima msaada wa kadi hiyo kwa muda uone kama shida inaisha. Ikiisha, umejua mkosaji ni nani. Video itatoka polepole, lakini itatoka.

Na ule ukuta? Kwangu bado upo, umehama tu. Kwa laptopu ya 8GB, mfumo wenyewe unakula sehemu, kivinjari chenye vichupo ishirini kinakula sehemu, na programu ya video inapewa makombo. Funga kivinjari. Najua kuna wimbo unasikiza huko. Funga.

Daftari la madeni

Sasa nikuambie kwa nini klipu ya simu ya dakika moja, faili ndogo tu, inaweza kupigisha laptopu magoti.

Si unajua lile daftari la madeni pale dukani mtaani? Mwenye duka halalii kuandika deni lako lote kila siku. Tarehe moja anaandika, mama fulani, shilingi 1,200. Kesho yake anaandika tu: maziwa 60. Keshokutwa: amelipa 200. Daftari linabaki dogo. Lakini mtu akimuuliza ghafla, tarehe 20 deni lilikuwa ngapi, lazima arudi tarehe moja aanze kujumlisha na kutoa mpaka afike.

Video ya H.264, ambayo kanuni zake zilikamilika 2003, imeandikwa hivyo. Fremu moja inaandikwa nzima, halafu zile zinazofuata zinaandika mabadiliko tu. Nyingine hata zinategemea fremu iliyo mbele yao, ni kama daftari linalosema "ona ukurasa ujao." Kwa kutazama ni sawa kabisa, kwa sababu unaanza mwanzo unaenda mbele. Kwa kutuma kwa intaneti ni baraka. Lakini kuediti ni kuruka ruka. Kila ukisogeza kidole, kompyuta inarudi kwa fremu nzima ya karibu, inajumlisha mpaka ifike uliposimama. Ukirudisha nyuma ndiyo mbaya zaidi. HEVC ya mwaka wa 2013 inabana hata zaidi, na simu nyingi mpya zinarekodi hivyo bila kukuuliza.

Kampuni za kuediti zililiona hili mapema. Avid wakatoa DNxHD mwaka wa 2004, Apple wakatoa ProRes 2007. Hizo zinaandika deni lote kila siku: faili linakuwa kubwa mara kadhaa, lakini kila fremu inajitegemea, na kompyuta haihesabu hesabu ndefu. Kwa hivyo ukibadilisha klipu za simu kuwa ProRes au DNxHR, au ukatengeneza proksi za namna hiyo, utaona faili limekua na laptopu imepumua. Inaonekana kinyume, lakini ndivyo ilivyo. Faili dogo haimaanishi faili jepesi.

Na hapa ndipo nadhani historia yetu Kenya ina kitu cha kusema.

Waliotutangulia pale River Road, watu wa Riverwood waliotengeneza sinema za bei nafuu kwa Kikuyu, Kikamba na lugha nyingine na kuziuza kwa VCD na DVD, walifanya kazi wakati kamera ndogo za kanda kama za MiniDV zilikuwa zimeenea. Muundo wa DV, uliotoka 1995, ulikuwa unaandika kila fremu nzima. Saa moja ya video ilikula kama 13GB, uchungu kwa diski za wakati huo. Lakini hesabu ilikuwa rahisi, na kompyuta ya kawaida ya mezani iliimudu. Kubana kwa nguvu kulifanyika mwishoni, wakati wa kutengeneza VCD.

Sisi tumeingia kwa mlango mwingine. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti ikapata nguvu, simu zikawa kamera, na kizazi chetu kikaanza kutengeneza video bila kupitia kanda wala studio. Kamera yetu ya kwanza inarekodi moja kwa moja katika muundo uliobuniwa kwa ajili ya kusafirisha video iliyokwisha kamilika. Kile waliotutangulia walifanya mwisho, sisi tunaanza nacho. Halafu tunachukua laptopu iliyotumika ofisini Uingereza miaka mitano tunaiambia, hebu fungua hii. Ikishindwa, tunaambiana hatuko makini.

Mimi naona hiyo si haki. Nimeona wasee wawili wakiacha hii kazi, vipaji kabisa, kwa sababu waliamini shida ni wao na mifuko yao. Hakuna aliyewaambia kuhusu daftari la madeni.

Asilimia 64

Turudi kwa ule usiku.

Nilipoacha kusoma matusi ya grupu, nikafanya kitu kimoja cha maana: nikajiuliza kwa nini kila mara ni 64. Kama laptopu ingekuwa inazima kwa joto, au RAM imejaa pole pole, ingezima mahali tofauti tofauti. Leo 50, kesho 80. Ikizima mahali pamoja kila mara, kuna kitu kimekaa hapo kinaisubiri.

Kwanza nikahifadhi mradi kwa jina jipya, nikajitumia nakala kwa barua pepe. Hiyo ni zawadi ya wale wa 1971: faili la mradi ni orodha ya maamuzi tu, halina video ndani, kwa hivyo ni dogo sana. Programu ikizima, klipu zako ziko salama pale pale. Unachopoteza ni maamuzi tangu ulipohifadhi mwisho. Hifadhi kwa majina tofauti, moja, mbili, tatu. Haigharimu kitu. Kwetu ambapo stima inaweza kupotea katikati ya sentensi, usingoje programu ijihifadhie yenyewe.

Pili, nikaangalia diski. Ilibaki 3GB. Programu hizi zinaandika mafaili yao ya muda, kashe, kila zinapofanya kazi, na zikikosa nafasi zinachanganyikiwa. Nikafuta kashe ya miradi ya zamani, nikapata 40GB. Nikaitoa laptopu kwa blanketi nikaiweka mezani, ipate hewa. Nikajaribu tena. Ilienda haraka zaidi, ikafika 64, ikajifunga.

Tatu, nikagawa. Nikatoa nusu ya kwanza peke yake: ikatoka. Nusu ya pili: ikazima. Nikagawa hiyo tena mara mbili, nikagawa tena. Kwa majaribio kadhaa nikawa nimebaki na sekunde nane za video. Nilitarajia klipu za WhatsApp za akina shangazi, kwa sababu simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopanda na kushuka na hiyo husumbua sana programu za kuediti, hasa sauti inapoachana na midomo. Hizo nilikuwa nimezipitisha kwa HandBrake mapema, nikachagua kasi isiyobadilika, na hazikuwa na shida.

Zile sekunde nane zilikuwa picha moja. Picha ya shosho siku ya harusi yake, nyeusi na nyeupe, amesimama wima kama askari, mkono mmoja umeshika shada na mwingine umeshika pindo la gauni la kuazima. Ndiyo picha pekee ya ujana wake ambayo familia inayo. Mjomba mmoja aliipeleka kuskaniwa kwa heshima yote, akaambia wale watu waifanye kubwa kabisa. Wakaifanya: pikseli 10,000 kwa 8,000. Nami nilikuwa nimeiweka isogee pole pole kuelekea usoni.

Faili kwenye diski lilikuwa MB chache, kwa hivyo sikulishuku. Lakini programu ikifungua picha lazima iikunjue yote: pikseli milioni 80, kila moja angalau baiti nne, hiyo ni MB 320 kwa picha moja. Fremu ya kawaida ya HD ni kama MB 8. Halafu nimeongeza mwendo juu yake na rangi juu ya mwendo, kila hatua ikitaka nakala yake. Kitu cha thamani kuliko vyote kwenye video ndicho kilikuwa kinaiua.

Nikatengeneza nakala yake ya upana wa pikseli 3,000, inatosha kabisa kwa skrini ya HD hata ukisogea karibu. Nikaiweka pale pale. Ile kubwa sikuigusa, nikaiacha kwa folda yake. Saa tisa na dakika ishirini usiku, asilimia 64 ikapita kama gari la kawaida. 65. 66. Nikakaa macho mpaka 100, sikutaka hata kupiga chafya.

Asubuhi kanisani, picha ilipotokea, mamake rafiki yangu alisimama. Hakulia, alisimama tu, mpaka ile picha ikaisha. Baadaye alinishika mkono akasema, "Asante mwanangu, sijawahi kumwona mama akiwa mkubwa hivyo." Nikataka kumwambia kwamba hiyo ni ndogo, ile kubwa ilinikesha. Nikanyamaza.

Picha halisi, ile ya karatasi, ilikuwa kwa bahasha ndani ya mkoba wake siku hiyo yote. Hakuipeana kwa mtu.

Kwa hivyo msee akikuandikia saa saba usiku kwamba programu yake inazima, usimwambie anunue mashine. Muulize inazimia wapi. Kama ni pale pale kila mara, agawe video mpaka ampate mkosaji. Kama ni popote, aangalie joto, RAM na nafasi ya diski. Kama haizimi lakini inatambaa, atengeneze proksi. Akipata pesa siku moja, anunue hiyo mashine, na mimi pia nitanunua yangu. Najua pia nitakachofanya nikiipata: nitaijaza video za 8K mpaka ianze kulia kama hii, na nitarudi kwa mkasi na nakala.